Mamangu hukesha kuanzia saa nane usiku: mazoezi ya polepole yatamrudishia usingizi?

BintiLangoni

Assalam alaykum ndugu zangu.

Nauliza kwa ajili ya mamangu. Ana miaka 72, yuko Lamu, Langoni, nyumba ya mawe ya ghorofa moja. Akishaswali Isha hupanda kitandani, saa mbili na nusu ameshalala. Ikifika saa nane usiku macho makavu, hugeuka huku na huku mpaka adhana ya alfajiri. Mchana ndio husinzia barazani, mara saa nzima, mara saa na nusu. Presha anayo: amlodipini humeza asubuhi, kidonge cha kukojosha humeza jioni baada ya chakula. Goti la kulia limesagika, akishuka ngazi hushika ukuta. Usiku huenda msalani mara tatu. Kuna aliyemshauri vidonge vya mafua vile vinavyoleta usingizi. Usiku wa kwanza na wa pili alilala, sasa havimfai kitu, na asubuhi huamka kichwa kizito na mdomo mkavu.

Nimesikia kwamba taichi, yale mazoezi ya polepole ya Kichina, na mazoezi kama hayo huwapa wazee usingizi. Ni kweli, au ni maneno ya mitandaoni? Na kama ni kweli, afanye nini hasa, dakika ngapi, saa ngapi? Uwanja hatuna, chumba chake ni kirefu chembamba kama vyumba vyote vya nyumba za kale.

MnyooshaViungo (Malindi)

Wa alaykum salaam dada. Ni kweli, na limepimwa. Hong Kong, matokeo yaliyotoka 2021: watu 320 wa miaka 60 na zaidi, wote wenye ukosefu wa usingizi wa muda mrefu, waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilifanya taichi, la pili mazoezi ya kawaida ya kutembea haraka na kukaza misuli, la tatu halikupewa mafunzo. Kila kipindi saa nzima, mara 3 kwa wiki, wiki 12. Makundi yote mawili ya mazoezi yalilala vizuri kuliko la tatu, na faida ilikuwa bado ipo miezi 24 baadaye. Kabla ya hapo, 2008, Los Angeles walifuatilia watu 112 wa miaka 59 hadi 86, nao waliofanya taichi usingizi wao ulikuwa bora kuliko wa wenzao waliopewa masomo ya afya peke yake. Lakini watafiti wa huko huko walipoilinganisha taichi na tiba ya kurekebisha mazoea ya kulala, 2014, ile tiba ya mazoea ilishinda. Kwa hiyo mazoezi ni mguu mmoja. Wa pili ni saa zake za kulala, na hapo naona mama ana kazi. Mwenzangu mmoja ataeleza.

Chumba chembamba kisikutie wasiwasi. Upana wa vyumba vya Lamu ulifuata urefu wa boriti, na kwa mzee anayejifunza mizani hiyo ni neema: ukuta uko mkono huu na mkono huu. Ondoa mkeka na busati, zikunje kabisa. Miguu iwe peku, au viatu vyenye soli nyembamba isiyoteleza. Champali hapana, soksi juu ya simiti iliyosuguliwa hapana. Dira au leso ifungwe ipande juu ya kifundo cha mguu. Kiti kiwe cha mbao na kizito. Kile cha plastiki miguu yake hupanuka mtu akikielemea pembeni, na hapo ndipo wazee huanguka.

Sasa kazi yenyewe. Aanze kwa kukaa, nusu ya mbele ya kiti, nyayo zote mbili chini, viganja juu ya kitovu. Avute pumzi puani kwa hesabu ya nne, aitoe kwa hesabu ya sita. Asiizuie katikati. Tumbo lisukume viganja, mabega yatulie. Dakika tano. Akihisi kizunguzungu anavuta hewa nyingi mno, basi apunguze kiasi cha hewa, hesabu ibaki ile ile. Kisha dakika tano za kulegeza: vifundo azungushe mara 10 kila upande, mabega ayapandishe na pumzi ya kuingia na kuyaachia na ya kutoka, shingo aigeuze kulia na kushoto bila kuizungusha duara.

Kinachofuata ndicho kiini cha taichi, na ndicho watu wanachokiruka kwa sababu hakionekani kuwa zoezi: kuhamisha uzito. Asimame, miguu ipanuke sawa na nyonga, magoti yalegee kidogo tu. Pumzi ikitoka, kiwiliwili kizima kisogee juu ya mguu wa kushoto, kama mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi anayehama taratibu usije ukapinduka. Pumzi ikiingia arudi katikati. Ikitoka tena, aende kulia. Kila mhamo uchukue pumzi nzima, yaani kama sekunde 10 kwenda na kurudi. Wewe simama mbele yake utazame mabega. Bega likishuka kabla ya nyonga kusogea, hajahama, ameinama tu. Mwambie ainue kisigino cha mguu uliobaki mwepesi. Kikinyanyuka bila mwili kuyumba, uzito umehama kweli. Kikigoma, au akilazimika kujirusha, arudie kidogo kidogo. Dakika nane hapa, hata wiki mbili za kwanza zote ziishie hapa. Sioni hasara.

Akishazoea, ongeza mikono. Pumzi ikiingia mikono ipande mbele mpaka kifuani, isipite mabega. Ikitoka ishuke kama anayeweka kitambaa chepesi juu ya meza. Halafu hatua moja: kisigino kitangulie kugusa sakafu, unyayo ulale, ndipo uzito ufuate. Arudi kinyume vile vile. Ukuta uwe karibu na kiganja, wala asiuelemee.

Goti lililosagika lina masharti mawili. Liwe limeelekea kidole cha pili cha mguu, lisianguke kwa ndani. Na lisikunjike zaidi ya mtu anayetaka kukalia kiti kirefu sana. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yakiisha jioni ile ile si kitu. Yakidumu mpaka kesho yake, au goti likivimba, punguza mkunjo kwanza. Dakika zikate baadaye, ikiwa mkunjo mdogo haujasaidia.

Amalizie kwa kukaa, dakika tano: kaza ngumi kwa hesabu ya tano, achia kwa hesabu ya kumi. Kisha mabega, uso, nyayo. Achia iwe ndefu kuliko kaza, kwa kuwa mwili unajifunza kwenye kuachia.

Wiki ya kwanza dakika 20 zinatosha, siku tatu. Ifikapo wiki ya nne afike 35 au 40. Muda wote aweze kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Wala msitoe hukumu kabla ya wiki ya nane. Wengi huacha wiki ya tatu wakisema haifai, nao ndio kwanza wameacha kuitazama miguu yao.

Neno la mwisho kuhusu video za simu. Mzee akifuata video, shingo imegeukia simu, macho hayako mbele, na mwalimu wa kwenye video ana kasi ya kijana. Itazame wewe, ujifunze, kisha simama mbele yake umwongoze kwa sauti.

MuuguziWaWazee

Dada, kabla ya taichi kuna jambo la kidonge. Kidonge cha kukojosha jioni, halafu msalani mara tatu usiku: hapo hata angekuwa na miaka 30 asingelala. Mwende kwa aliyemwandikia dawa mumuulize kama kinaweza kuhamia asubuhi. Mara nyingi jibu ni ndiyo. Msikiache wala msikihamishe wenyewe, presha haichezewi.

Amlodipini nayo ina tabia ya kuvimbisha vifundo vya miguu. Jioni bonyeza kwa kidole gumba mbele ya muundi wa mguu, juu kidogo ya kifundo, hesabu mpaka kumi, kisha achia. Shimo likibaki, kuna maji pale. Mchana kutwa amekaa barazani miguu inaning'inia, maji yamekaa chini. Akilala yanarudi kwenye damu, figo zinayatoa, kibofu kinajaa saa saba za usiku. Dawa yake ni kulala chali baada ya Alasiri, miguu juu ya mito miwili, nusu saa hadi saa moja, asisinzie. Maji hayo atayakojoa kabla ya Isha. Kikombe cha mwisho cha kinywaji kiwe saa mbili kabla ya kulala, lakini asubuhi na mchana anywe kama kawaida. Kumnyima mzee maji katika joto la Lamu ni kumletea kizunguzungu na choo kigumu. Na uvimbe mkieleze huko huko kliniki, kwa sababu moyo na figo pia huvimbisha miguu, si dawa peke yake. Mkojo wa usiku nao unataka sukari ipimwe.

Vile vidonge vya mafua, nadhani ni klorofeniramini au ndugu yake, aviache. Kwa mzee dawa za jamii hiyo hukausha mdomo, hufunga choo, huzuia mkojo usitoke wote, huchanganya akili na humwangusha. Usingizi wake nao mwili unauzoea baada ya siku chache, kama mlivyoona. Ila nitofautishe: mzee aliyekuwa akinywa vidonge vya usingizi vya hospitali, jamii ya diazepamu, kwa wiki au miezi, huyo asiache ghafla. Hupunguzwa hatua kwa hatua na daktari.

Kabla hajaanza kusimama kwenye mazoezi, mpime presha amelala dakika tano, kisha asimame, pima baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10 au zaidi, aanze na sehemu za kukaa tu mpaka daktari aziangalie dawa zake. Usiku akitaka kuamka kwenda msalani, akae kwanza ukingoni mwa kitanda, apinde na kunyoosha vifundo mara 20, ndipo asimame. Taa ndogo iwekwe chini karibu na sakafu, njia ya msalani na kichwani mwa ngazi. Ngazi za nyumba zetu zina vipandio virefu na havilingani, na gizani mguu hukosa.

Mazoezi hayatatibu haya, kwa hiyo yaulizwe hospitali: anakoroma kisha pumzi inakatika na kurudi kwa kishindo, miguu inawasha au kuchachatika jioni mpaka lazima aitikise (hapo wapime damu na madini ya chuma), anakosa pumzi akilala bapa, au amepoteza hamu ya chakula na ya watu.

SaaNne

Tuhesabu kwanza. Saa mbili na nusu mpaka saa nane ni saa tano na nusu. Ongeza saa moja na nusu za barazani, jumla saa saba. Dada, mamako analala! Usingizi anao, umekaa mahali pasipofaa. Mwili wa mzee huvuta usingizi mapema na kumwamsha mapema, na kuingia kitandani baada tu ya Isha kunauvuta mapema zaidi.

Saa ya kuamka isibadilike, iwe saa kumi na moja alfajiri, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Saa ya kulala isogezwe robo saa kila baada ya siku tatu mpaka ifike saa nne. Itachukua siku 18. Atakuwa na saa saba kitandani, na kwa mzee mwenye hatari ya kuanguka msizipunguze chini ya sita. Ile robo saa iwe na kazi: kuchambua mchele, kukunja nguo, kuzungumza na wajukuu. Akikaa kwenye kochi gizani atasinzia hapo hapo.

Kailula, ule usingizi mfupi wa mchana, ni sunna na haimdhuru, lakini dakika 20 hadi 30 baada ya Adhuhuri, kitandani, na mtu wa kumwamsha. Kusinzia kwa saa kumi jioni ndiko kunakokula usiku. Ndiyo maana mazoezi yawekwe hapo hapo, kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Jua limelegea, usingizi wa barazani unavunjwa, na akimaliza akae nje mwangani mpaka Magharibi inakaribia. Mwanga wa jioni huichelewesha saa ya mwili kwa mtu anayeamka mapema mno. Mwanga mkali wa mapambazuko hufanya kinyume, kwa hiyo asitoke ufukweni alfajiri akidhani anajitibu.

Kahawa. Najua kahawa tungu ya jioni kwetu ni zaidi ya kinywaji, lakini nusu ya kafeini yake hubaki mwilini kiasi cha saa tano. Kikombe cha baada ya Isha bado kipo kazini saa saba usiku. Kuitia tangawizi hakuipunguzi nguvu. Kikombe cha mwisho kiwe saa saba mchana, na chai nzito ya majani hivyo hivyo. Jioni anywe maji ya tangawizi matupu kama tumbo linaipenda, mapema, kwa sababu ya kibofu.

Joto pia. Miezi ya tangambili, upepo ukifa, chumba cha mawe hutoa usiku joto lililoingia mchana. Aoge maji ya uvuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala, si ya baridi kali. Uvuguvugu hufungua mishipa ya ngozi, joto la ndani likashuka, na mwili husinzia joto lake likishuka. Pangaboi la kusimama liwekwe upande wa miguuni lipulize kwa urefu wa chandarua.

Akiamka saa nane asitazame saa. Akiona amelala macho kama dakika 20, kwa kukisia, atoke kitandani akae kwenye kiti kilicho pale pale kando, afanye ile pumzi ya nne kwa sita, au tasbihi polepole. Usingizi ukirudi, apande. Kitanda kisijifunze kuwa mahali pa kukesha.

BintiLangoni

Jazakumullahu kheri. Nimepiga chapa jibu la MuuguziWaWazee, kesho naenda nalo kliniki. Mama amekubali mazoezi ila ana maswali mawili. Jirani amemwambia taichi ni ibada ya Wachina. Na yeye mwenyewe anauliza, rukuu na sujudi za swala tano hazitoshi?

MnyooshaViungo (Malindi)

Mwambie mama, shikamoo, na jirani hana ubaya, anamchungia dini yake. Asili ya taichi ni sanaa ya kupigana, na huko China imechanganyika na falsafa zao. Lakini seti nyepesi ya mitindo 24 inayofundishwa kwa wazee ilipangwa 1956 na kamisheni ya michezo ya China kwa ajili ya afya ya umma. Hakuna neno la kutamka wala kitu cha kuelekea. Niliyomwandikia mimi hapo juu hata jina la taichi anaweza kuliacha akaita mazoezi ya pumzi na mizani. Usingizi haujali jina.

Kuhusu swala: swala ni ibada, isihesabiwe dozi. Kweli viungo hutembea, lakini rakaa hazimpi dakika 30 mfululizo za kuhamisha uzito mguu mmoja hadi mwingine, na mzee mwenye goti hilo mara nyingi huinuka kutoka sujudi kwa kujisukuma huku amezuia pumzi, jambo linalopandisha presha kwa ghafla. Mfundishe atoe pumzi wakati anainuka. Kama anaswali kwa kukaa kitini, aendelee bila wasiwasi.

Wakija kina mama wenziwe, wanne au watano, ni bora zaidi, maana mtu huona haya kuwakosa wenzake. Wasimame nyuma ya viti vyao, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti. Huku Malindi kuna wanaopeleka wazee ufukweni kwa sababu pwani inapendeza. Mchanga mwepesi hukipindisha kifundo na huwezi kuona kama uzito umehama. Wakitaka bahari, wafanye maji yakiwa yamekupwa, kwenye mchanga mgumu wenye unyevu, palipo tambarare, wala si kwenye mteremko. Ramadhani wafanye sehemu za kukaa tu, nusu saa kabla ya Magharibi, kwa sababu mwili umekauka.

SaaNne

Nimesahau daftari. Asubuhi baada ya swala muulize na uandike: aliingia kitandani saa ngapi, anakisia alilala jumla ya saa ngapi, aliamka kwenda msalani mara ngapi, jana alifanya mazoezi dakika ngapi. Isizidi mistari minne, na usimuulize usiku.

Kila Ijumaa jumlisha saa alizolala, gawa kwa saa alizokaa kitandani, zidisha kwa mia. Akilala saa sita katika saba ni kama 86. Chini ya 80 kwa wiki nzima, mcheleweshe kulala robo saa nyingine, ila zile saa sita kitandani zisiguswe. Kati ya 80 na 85 msibadilishe kitu. Akipita 85 wiki nzima na bado mchana anasinzia, mwongezeeni robo saa, upande wa kulala, si wa kuamka.